Shingo ya Kujifunzia

Wewe unayenisikiliza, kabla sijaanza, nakuomba uweke vidole viwili ubavuni mwa shingo yako, chini kidogo ya taya. Upande mmoja tu, na kwa wepesi, kama unavyogusa nguo iliyotoka kupigwa pasi. Ngoja kidogo. Umesikia? Hapo chini ya ngozi damu inapanda kwenda kichwani, na kwa sababu ya mapigo hayo unakumbuka jina lako, unashika kijiko, unamwita mtoto aliye mbali. Karibu maisha yangu yote ya kazi nimeyapitisha nikitazama mahali hapo padogo pasipozidi urefu wa kidole. Hapa Beni wagonjwa huniuliza kwa nini ninawaeleza mambo mengi hivyo, wakati wao wanataka tu karatasi ya majibu warudi nyumbani. Huwa ninacheka, sijibu. Jibu lake ni la mwaka mzima, na mwaka huo niliuishi Butembo, nikiwa na miaka ishirini na minne, katika nyumba ya Mama Kavira.

Tulimzika mwezi uliopita. Kwenye kilio, katika ua wa binti yake, chini ya turubai, mchungaji alinipa nafasi ya kusema neno. Nilisimama nikasema kwamba marehemu alinipangisha chumba nilipokuwa mwanafunzi, kwamba alikuwa mtu mwema, nikaketi. Watu waliitikia kwa adabu. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira juu yangu mwenyewe, maana mtu aliyenifundisha kusema ndiye niliyemuaga kwa sentensi mbili. Basi keti nawe, nikwambie nilichopaswa kusema pale.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, juu ya kilima, na sebule yake haikuwa sebule bali atelie ya ushonaji. Kulikuwa na vyerehani vitatu, meza ndefu ya kukatia, na vitambaa vilivyopangwa hadi dirishani. Mama Kavira alikata, wanawake wawili walishona. Walishona gauni za harusi, sare za shule, na zaidi ya yote, nguo za kwaya. Nadhani hakukuwa na kwaya ya Waprotestanti mjini ambayo haijawahi kupita chini ya mkasi wake. Chumba changu kilitengwa na atelie kwa pazia tu. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati, niliamshwa na harufu ya pasi ya makaa na sauti yake, akiongea huku pini zikiwa mdomoni, na hakuna neno hata moja lililojikwaa kwenye pini hizo. Kutoka nyuma ya pazia nilijua bibi harusi gani amenenepa tangu apimwe, mwalimu gani wa kwaya anapendelea soprano, na nani ameleta kitambaa cha mita mbili akitaka gauni la mita nne. Sasa nina nyumba yenye kuta za saruji kila upande. Ni kimya, na mara nyingi ninaamka mapema nikitegea sikio bila kujua ninategea nini.

Jioni tulikula pamoja kwenye ncha ya meza ileile ya kukatia, vitambaa vikisukumwa pembeni. Bugali, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, viazi vya Masereka vilivyochemshwa na maganda yake, na karibu kila siku makayabu, yule samaki wa chumvi, akiwa amekaangwa na kitunguu. Chumvi yake ilinifanya ninywe maji mpaka kulala. Nikilalamika, Mama Kavira alisema, "Kama chumvi hapana, kinywa kitajua namna gani kama kimekula?" Kisha alinigeukia. "Na weye, muganga ya picha, leo uliona nini mu matumbo ya batu?"

"Mimba tatu, Mama, na jiwe moja la figo."

"Jiwe! Mutu anatembeza jiwe mu tumbo, na kiroba kadogo ya sukari anakataa kubeba."

Nilikuwa muuguzi kutoka Oicha, nimetumwa kwa mwaka mmoja kujifunza ekografi, yaani ile mashine inayotazama ndani ya mwili kwa sauti tusiyoisikia. Mwalimu wangu alikuwa Docta Mukendi, mtu wa Kasai aliyepangiwa kazi kwetu na serikali, na ambaye hakuwahi kuuzoea ubaridi wa Butembo. Alivaa koti zito hata ndani ya chumba cha ekografi. "Huu muji ni frigo," alisema, "na munanifungia ndani na bakabeji." Chumba kilikuwa kidogo, na pazia zito dirishani ili kioo cha mashine kionekane vizuri, kitanda kimoja, na mafuta ya kupaka yaliyokuwa baridi hata mgonjwa mkimya kuliko wote alipiga kelele. Mashine ilikuwa mpya. Ile ya zamani ilionyesha picha ya kijivu tu. Hii iliweza kuonyesha damu inayotembea kwa rangi, na kutoa sauti yake. Watu wote walifikiri ni ya wajawazito. Docta Mukendi, aliyesomea mbali, alitaka itazame shingo.

Nikueleze alivyonieleza mimi. Mishipa miwili mikubwa inapanda shingoni, mmoja kila upande, kulisha ubongo. Kwa miaka mingi, hasa presha ikiwa juu, sukari ikiwa nyingi, au mtu akivuta tumbaku, ukuta wa mshipa huanza kujaa mafuta na uchafu mwingine. Kivimbe hicho huitwa plaki. Mwenye plaki hasikii maumivu wala haoni kitu. Lakini siku moja plaki hupasuka, kipande kidogo kama punje ya sukari hupanda na damu, kinaziba mshipa mwembamba kichwani, na hicho ndicho kiharusi. Mshipa wa kushoto wa shingo hulisha upande wa ubongo unaoongoza mkono wa kulia na, kwa watu wengi, maneno. Kwa hiyo ukitaka kujua nani yuko karibu na hatari, usingoje aanguke. Mtazame shingo.

Na kutazama hujifunzi kwa kitabu. Kila siku, wagonjwa wa mchana walipokwisha, tulitoka nje kutafuta shingo. Mlinzi wa mlango alitupa yake, mama wa kufua nguo akatupa yake, mtu wa maabara tulimtazama mpaka akasema ngozi itaisha. Tuliita hiyo shingo ya kujifunzia. Mwenye shingo hiyo hakuandikwa kwenye rejista wala kupewa karatasi. Alipewa chai, akarudi kazini. Hakuwa mgonjwa. Kumbuka utaratibu huo mdogo, maana mambo yote yaliyofuata yalipitia hapo.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mchana wa mvua, nami nilikuwa nyumbani. Mama Kavira alikuwa anakata kitambaa cha buluu cha kwaya. Mkasi ukaanguka. Wanawake wa vyerehani waliinua vichwa pamoja, kwa sababu katika nyumba ile mkasi haukuwa kitu cha kuanguka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya kitambaa kama mkono wa mtu mwingine. "Leta," alisema. "Leta ile... ile ya..." Alinyoosha kidole cha kushoto, akatutazama mmoja mmoja, na neno halikuja. Pembe ya mdomo wake ilikuwa imeshuka. Nilimshika, nikauinua ule mkono; ulikuwa mzito kama nguo iliyotoka majini. Mwanamke mmoja alianza kuomba kwa sauti. Birika lilikuwa motoni, na kabla maji hayajachemka, vidole vilianza kucheza, mdomo ukanyooka, na Mama Kavira akasema, "Munanitazamia nini? Nguo za kwaya zinajishona?"

Tulicheka na kulia kwa pamoja. Nilimpima presha, ikawa juu sana, nikamwambia twende hospitali sasa hivi. "Kesho," alisema. Kufikia saa kumi alikuwa anakata tena, kwa mstari ulionyooka.

Jumapili alisimama kanisani. Kwetu, mtu aliyeponywa hushuhudia mbele ya wote na kuleta sadaka ya shukrani, na ushuhuda ukishatolewa jambo limefungwa, kama pindo lililoshonwa. Alisimulia mkono ulivyokufa na ulivyofufuka. Aliuinua juu, akafungua na kufunga vidole, akamaliza kwa Kinande, "Wasingya, wasingya," asante, asante. Kanisa zima lilishangilia. Rafiki yake Mama Kahambu, soprano wa kwanza, aliyekuwa akiuza mboga sokoni, alilia mpaka akashindwa kuimba. Na mimi nilipiga makofi. Ninakwambia hili ili usinifikirie vizuri kuliko ilivyokuwa.

Jumatatu nilipomsimulia Docta Mukendi, aliweka kalamu chini. "Masika, hapana kuniambia mukono ulirudi. Kile kipande kilitokea fasi gani? Hiyo njo nataka kujua. Kama kimoja kilitoka, kingine kitatoka, na hizi siku za kwanza njo mubaya zaidi. Mulete leo."

Nilimwambia Mama Kavira jioni ileile, juu ya bugali. Aliendelea kula.

"Kanisa yote ilinisikia," alisema mwisho. "Nilishukuru. Sasa kesho banione mu foleni ya hospitali, batasema nini? Mama Kavira alidanganya? Ao Mungu alifanya kazi nusu?"

"Watasema umekwenda kupimwa tu, Mama."

"Kupimwa ni kuuliza. Miye nilishajibiwa. Kula, bugali inapoa."

Nilijaribu tena kesho yake, na kesho kutwa. Sikuweza kulala vizuri. Kila kitu kilichoanguka atelie, hata kidonge cha uzi, kilinitoa kitandani. Nilikuwa ninaishi na mtu ambaye maneno yake ndiyo yalikuwa nyumba yenyewe, na nilijua maneno hayo yananing'inia kwenye uzi mmoja. Siku ya nne nikapata wazo. Nilikaa mbele yake nikalalamika kwamba Docta ananikaripia, kwamba mkono wangu haujui kushika sonda, kile kipande kinachopita juu ya ngozi, na kwamba shingo zote za hospitali zimechoka nasi.

"Munatafuta shingo?" aliuliza. "Ya mutu muzima wa afya?"

"Ya mtu yeyote mwenye subira, Mama."

"Mbona hukusema? Yangu ni murefu, hata mukono mubaya utapata fasi."

Alikuja siku iliyofuata akiwa amevaa vizuri, na kikapu cha viazi na maharage kwa wafanyakazi wote, kama mtu anayekwenda kumsindikiza mtoto mtihanini. Alimsalimu Docta Mukendi, akalitazama koti lake mbele na nyuma. "Docta, nani alikushonea hii? Mulikuwa na ugomvi naye?" Docta alicheka mpaka akakohoa. Mama Kavira alilala, akageuza kichwa, akapiga kelele kwa ubaridi wa mafuta, nami nikaanza na upande wa kulia. Mshipa wenye afya kwenye kioo ni kama barabara nyeusi yenye kingo mbili nyeupe, nyembamba, zilizonyooka. Kulia palikuwa vizuri. Nikahamia kushoto. Barabara nyeusi, safi, tena nzuri. Sikuweza kuificha furaha yangu. "Hakuna kitu," nilisema, nikaanza kuinua mkono.

"Weka rangi," Docta alisema.

Hapa nivumilie kidogo. Plaki ya zamani yenye chokaa ni ngumu, hung'aa na kutupa kivuli. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anaiona. Lakini ile laini ni nyeusi karibu sawa na damu, na ndiyo iliyo mbaya, kwa kuwa hupasuka kwa urahisi. Kwa jicho la kawaida inajificha ndani ya barabara kama vile ni sehemu ya barabara. Niliweka rangi. Damu ilijaa nyekundu kutoka chini, ikapanda, na mahali mshipa unapogawanyika ikabanwa kuwa mstari mwembamba, ikipita kando ya kitu cheusi kisichopokea rangi. Nikafungua sauti. Chini ilikuwa fuu, fuu, fuu, ya kawaida. Pale kwenye kubanwa ikawa mluzi. Umewahi kuwaona vijana wakiosha pikipiki, wakiziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba ili maji yaruke kwa nguvu? Damu nayo hufanya hivyohivyo. Njia ikiwa nyembamba, inakimbia.

Docta alichukua sonda mkononi mwangu, akapima mara tatu.

"Banyamaza sasa," Mama Kavira alisema, macho yakiwa darini. "Fundi akinyamaza na nguo ya mutu mu mikono, ile nguo imeharibika."

Docta alijaribu kumweleza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili chake cha mtu wa Kasai, na nikaona anampoteza. Nikashika upindo wa lile koti la Docta, nikaugeuza. "Mama, angalia. Mshipa wako una kitambaa cha nje na bitana ya ndani, kama hii. Uchafu umeingia katikati ya kitambaa na bitana. Bitana imevimba kwa ndani, mkono haupiti vizuri. Na bitana hiyo ni laini. Ilichanika kidogo siku ile ya mvua, kipande kikatoka, kikapanda kichwani, kikayeyuka. Ikichanika tena, hatujui kama kitayeyuka."

Alikaa kitandani, akachukua kitambaa na kujipangusa shingo. "Ulinidanganya, Masika."

"Nilisema ni shingo ya kujifunzia."

"Na ulijifunza?"

"Nilijifunza, Mama."

"Bon." Alikunja kile kitambaa cha kujipangusia pembe kwa pembe. "Na mahali pa kuikata ile uchafu?" Docta alisema kupasuliwa kuko mbali, ng'ambo ya mpaka, na kwamba kwa kubana kwa kiasi kile dawa zinaweza kushika: ya presha, ya kulainisha damu, na ya kutuliza mafuta ya mshipa, kila siku, bila kuruka. "Nitameza," alisema. "Lakini shingo ya kujifunzia haiandikwe. Hakuna mutu atajua. Munasikia?" Docta alinitazama. Mimi nilikubali haraka, kabla hajabadili nia. Nilifikiri nimeshinda.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoitamani zaidi. Dawa aliziweka katika kopo la vifungo, chini ya meza, na asubuhi nilisikia kopo likilia, kisha maji, kisha kikohozi kidogo cha uongo. Makayabu alitoweka mezani. Wanawake wa vyerehani waliambiwa wa sokoni siku hizi ananuka. Alianza kwenda kanisani kwa miguu, akisema waendesha pikipiki wanachafua nguo. Mimi na yeye tulikuwa na siri, na siri huwaleta watu karibu kuliko hata undugu. Jioni nilimsimulia shingo za siku, naye aliuliza maswali mazuri kuliko ya wanafunzi ninaowafundisha sasa. "Na ile uchafu ya nyuma ya bitana, inaweza kuyeyuka yote?" Haiyeyuki yote, nilimwambia, tunaitaka iwe ngumu, itulie. "Kama mume," alisema, na tulicheka mpaka chakula kikapoa. Wakati mwingine, nikiwa peke yangu mezani na sahani moja, ninazungumza naye vilevile.

Kiangazi kilifika na vumbi lake jekundu. Jumatatu moja nilikuwa chumbani nikijisomea, na Mama Kahambu alikuja kujaribu nguo mpya ya kwaya. Nilimsikia vizuri nyuma ya pazia, sauti yake ya soprano ikiwa imejaa kicheko.

"Yaya, dada yangu, ile mambo yako ilinipata na miye! Leo asubui, mu soko. Nilikuwa nafunga sombe, mukono ukakufa, pa! Nataka kumuita jirani, kinywa kinakataa. Nikakumbuka weye. Nikasema mu roho, Bwana, kama vile ulimufanyia Kavira. Na ulirudi! Jumapili na miye nitashuhudia."

Nikangoja Mama Kavira aseme. Sauti ya mkasi ilikuwa imekoma.

"Simama muzuri," alisema, na maneno yalitoka kupitia pini. "Bega inapanda."

Pazia lilikuwa hatua mbili kutoka kitandani kwangu. Nilikuwa na maneno yote. Niliyajua kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Lakini nilikuwa nimeahidi, na nilisema moyoni, ni rafiki yake, yeye ndiye atakayemwambia. Yeye naye, aliniambia baadaye, alisema moyoni, Masika yuko nyuma ya pazia, yeye ndiye muganga, atatoka sasa. Tulimwacha Mama Kahambu avue nguo, atuage, ashuke kilima akiimba.

Mezani jioni nilisema, "Mama, Mama Kahambu aje kesho."

"Najua."

"Kesho, Mama."

"Nitamwambia Jumapili, kisha ibada. Nimuache ashuhudie kwanza, hapana kumuharibia."

Alhamisi walimleta Mama Kahambu hospitali kwa pikipiki, amebanwa katikati ya watu wawili, upande wa kulia umekufa wote. Nilimtazama shingo mwenyewe, kwa rejista safari hii, jina lake likiandikwa. Mshipa wa kushoto ulikuwa umejaa plaki nyeusi, na haikuwa imebaki rangi ya kuzungumzia. Aliishi. Lakini maneno yalikuwa yamekwenda. Alibaki na neno moja, "ndiyo," na alilitumia kwa njaa, kwa kiu, kwa uchungu, kwa hapana. Mama Kavira alifunga atelie mchana, akaenda kila siku kumlisha uji. Siku ya tano alianza kumwimbia, sijui kama ni kwa huzuni au kwa mazoea, moja ya nyimbo zao za kwaya. Na Mama Kahambu akafungua mdomo, akaimba naye, maneno yote, sawasawa, mpaka ubeti ulipoisha. Kisha akataka kusema jambo, na likatoka "ndiyo." Docta aliniambia hutokea hivyo, kuimba kuna njia yake kichwani. Mama Kavira hakuuliza maelezo. Aliweka bakuli chini, akatoka nje, nikamkuta ameegemea ukuta wa hospitali, mikono yote miwili, ya afya, imefunika uso.

"Alinisikiliza miye," alisema. "Ile siku ya ushuhuda. Alinisikiliza miye."

Jumapili, kanisani, aliomba kusimama. Alikuwa na lile kopo la vifungo mkononi.

"Ndugu zangu," alisema, "mu mwezi wa tatu nilishuhudia hapa kama mukono wangu ulirudi. Ile ilikuwa kweli, lakini sikuimaliza. Ninyi wote munajua bip. Mutu anakupigia, simu inalia mara moja, inanyamaza. Hapana kusema habari imeisha. Anasema, niite. Ule mukono ilikuwa bip, na miye nilishangilia bip. Kisha Masika akanipeleka mu ekografi, bakaona ugonjwa mu mushipa ya shingo, bakanipa dawa." Alitikisa kopo, na likalia kanisa zima. "Nameza mu kificho, sababu niliona haya. Nilifikiri nikienda hospitali namuaibisha Mungu. Nilikuwa najiogopea miye. Dada yangu Kahambu alifuata ushuhuda yangu, na leo hana maneno. Munisamehe. Ile ushuhuda ya kwanza ninaifumua. Mwenye bip, aite siku ileile."

Hakuna aliyeshangilia. Mchungaji alikuwa akitafuta la kusema, na kabla hajalipata mzee mmoja aliinuka nyuma, kofia mkononi. "Mama Kavira, ile ekografi ya shingo, ni ya bamama tu, ao na bababa?" Kicheko kilianza kwa woga, kisha kikajaa. Naye Mama Kavira, machozi yakimtoka, alimjibu, "Baba, kama uko na shingo, fika."

Jumatatu korido ilijaa. Docta Mukendi alichungulia nje, akafunga mlango, akaniuliza kama kuna ajali. Tuliwaeleza wengi kwamba si kila mtu anahitaji kutazamwa shingo, kwamba wengine wapimwe presha na sukari kwanza. Lakini katika wiki zile tuliwapata watu wawili ambao nguvu ya mkono au kuona kwa jicho moja kuliwahi kupotea na kurudi, nao hawakuwa wamemwambia mtu. Wote wawili walianza dawa. Hao niliwaandika kwenye rejista, na kuanzia siku hiyo, shingo yoyote niliyoigusa, hata ya kujifunzia, niliiandika, na mwenye shingo nilimweleza nilichokiona kabla hajashuka kitandani.

Mwaka ulipokwisha nilirudi kazini kwangu, na baadaye nikahamia Beni. Docta alipelekwa mkoa mwingine, na mara ya mwisho alinipigia simu akisema kuna joto, hatimaye, lakini chai ni mbaya. Mama Kahambu aliishi miaka kadhaa, akiimba kwenye kiti. Siku hizo barabara ya Butembo na Beni haikuwa ya kutembelea kwa hiari, kwa kukosa usalama, na nilimwona Mama Kavira mara chache mno, mpaka binti yake alipomleta huku. Wiki yake ya mwisho, moyo ulipokuwa umechoka, bado alimgombeza binti kwa kushona pindo la pazia bila kulipima. Maneno yake aliyamaliza yote mwenyewe. Ninafurahi kwa hilo, na bado, nikipita mbele ya atelie yoyote na kusikia mtu akiongea kupitia pini, ninasimama.

Hili ndilo nililopaswa kulisema chini ya turubai, na ninakuachia wewe. Mkono, mguu, uso, jicho au maneno yakikupotea ghafla, hata kwa dakika chache, hata yakirudi yote, usilale nayo na usingoje Jumapili. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwambie anayekupokea ni upande gani uliopotea na kwa muda gani, umwombe akupime presha na kukutazama mishipa ya shingo pande zote mbili, na usitoke mpaka akueleze alichokiona.